Friji Lililovuka Ua

Wewe mwenye mtoto mgonjwa na mfuko mwepesi, kaa kidogo usikie haya kabla hujaenda kupanga foleni ya kadi ya matibabu. Mama aliyepatwa na haya hakuwa mwizi wala mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mama kama wewe: watoto watatu, mume wa mbali, chumba kimoja na kijisebule katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja na choo cha zamu. Kosa lake ni kwamba aliogopa, na alipoogopa akaenda kuuliza wasiojua.

Walimwita Mama Barafu kwa sababu aliuza barafu. Ukisukuma pazia la mlango wake, kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa friji, kubwa, jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, mlango umefungwa kwa ukanda wa mpira maana bawaba zilishachoka. Jioni alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayajaza kwenye vifuko, akavipiga fundo na kuvipanga humo kama matofali. Mchana watoto wa shule na mafundi wa jengo la jirani walipiga hodi. Friji hilo ndilo lililolisha nyumba kila mume, mpiga lipu wa majengo ya mbali, alipokaa kimya kwenye simu. Na alikuwa na kipaji cha kukaa kimya.

Mtoto wa kati, wa kike, walimwita Kifaranga, kwa vile alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kuenea kiganjani. Kifaranga alikuwa na pumu. Kifua kikimbana kinapiga mluzi, mabega yanapanda, macho yanamtafuta mama. Mama aliyewahi kuangaliwa namna ile hahitaji kuelezwa zaidi. Hospitalini walisema mtoto anahitaji dawa mbili za kuvuta kwa mdomo, moja ya kila siku ya kutuliza kifua, nyingine ya wakati wa kubanwa. Mama Barafu alimudu ile ya kubanwa tu. Ya kila siku alinunua mwezi huu, mwezi ujao akairuka, kisha akajidanganya kwamba mtoto anaonekana ana nafuu.

Ndipo gari likapita mtaani na kipaza sauti. Serikali inatoa kadi za matibabu kwa familia zenye kipato kidogo. Chukua fomu, jaza, rudisha, kisha mtu wa ofisi atakuja nyumbani kwako kuona hali. Ukipita, mtoto anatibiwa na dawa anapewa. Mama Barafu alisikia hayo akiwa na ndoo kichwani, akaitua palepale barabarani ili asikie vizuri.

Fomu aliipata. Kabla ya kuijaza akaenda kumsukisha Kifaranga nywele, na huko ndiko mambo yalikoharibikia. Msusi wa mtaa ule alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake ulifanya kazi kuliko vidole.

"Wanakuja kukagua nyumba," alisema Msusi. "Wakikuta friji, mwenzangu, umeisha. Wanakuandika tajiri."

"Friji lenyewe limefungwa kwa mpira."

"Friji ni friji. Dada yake wifi yangu walimnyima kwa ajili ya redio."

"Redio?"

"Redio. Tena haikuwa na betri."

"Aa, Msusi, acha zako."

"Haya, mimi sijui kitu. Waache walione, halafu kifua cha mwanao ukitibu kwa kupepea. Na wewe inamisha kichwa, unadhani nasuka ukuta?"

Kifaranga akainamisha kichwa. Mama Barafu akacheka kidogo, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Usiku ule aliijaza fomu, na pale palipouliza biashara, akaandika: Hakuna. Lilikuwa neno moja fupi. Alilitazama likikauka, akaona halifanani na uongo hata kidogo.

Sasa friji lifichwe wapi?

Ng'ambo ya ua, mlango ukitazamana na wake, aliishi Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale, alikuwa shangazi wa ua mzima. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akifuma masweta ya shule kwa mashine yake kuukuu iliyokwaruza asubuhi hadi jioni, kwaa-kwaa, mpaka watoto wachanga wa ua ule walizoea kulala kwa mlio huo. Alitembea ameinua shingo, gauni limepigwa pasi, hata akienda kumwaga taka. Siku za karibuni masweta yake yalikuwa yanarudishwa, mistari ya shingoni imepishana, au weusi umeingia mahali pa bluu. Yeye alisema nyuzi za siku hizi zinapauka. Watu wakakubali, kwa vile Shangazi hakuwa mtu wa kubishiwa.

"Shangazi, nina neno," alisema Mama Barafu mlangoni.

"Neno au mzigo?"

"Mzigo."

"Basi kaa. Mzigo hausikilizwi wima."

Mama Barafu akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote: kadi, mkaguzi, redio isiyo na betri, friji. Kwamba anaomba kona tu. Wakishapita watu wa ofisi, analirudisha.

Mashine ikanyamaza. Shangazi alipapasa uzi uliokuwa mapajani kama anayetafuta ncha yake. "Watakuja lini hao?"

"Hawasemi. Wiki hii, au ijayo."

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga. Akageuza uso dirishani. "Mtoto anaendeleaje?"

"Jana kifua kililia tena."

"Lete," alisema Shangazi. "Liweke kona ile, usinizibie dirisha tu."

Mama Barafu aliuona ule mdomo uliofunguka ukafungwa. Angeuliza, Shangazi ulitaka kusema nini, mambo yote yangeishia pale kwenye kigoda. Hakuuliza. Alikuwa na haraka ya kushukuru.

Mafundi wawili wa jengo la jirani walilibeba friji kuvuka ua, wakiguna na kutaniana, ujira wao barafu. Pale lilipokuwa, sakafu ilibaki na mraba msafi kuliko nyumba nzima. Mama Barafu akautandikia mkeka.

Mtu wa ofisi alikuja kweli. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vimejaa vumbi, begi mgongoni, sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza maswali yaleyale tangu asubuhi. Akaketi juu ya mkeka uleule. Mnakula wangapi? Mnalala wapi? Baba anatuma chochote? Wewe unafanya nini?

"Nafua nguo za watu, wakinipa."

"Huuzi chochote?"

"Siuzi."

Kifaranga alikuwa amesimama kwenye pazia, kidole mdomoni. Alimtazama mama yake, akatazama mkeka, akatoka nje bila kuambiwa. Mtu wa ofisi aliandika, akaomba maji ya kunywa, akaletewa ya uvuguvugu, akayanywa yote na kushukuru.

"Umeona?" alisema Msusi siku ileile. "Lakini usilirudishe sasa. Hao wana tabia ya kurudi kwa kushtukiza."

Basi friji likabaki. Na kwa kuwa friji lisilouza ni mdomo mwingine wa kulisha, Shangazi akajitolea kumuuzia. Wateja wakazoea upesi. Badala ya kugeuka kulia wakaingia kushoto. Jioni Shangazi alileta mauzo ndani ya kikombe kilichofunikwa kwa sahani, kama mtu anayeleta mchuzi.

Siku moja, jua limewaka vizuri, Mama Barafu alikuwa anaanika mashuka uani. Mlango wa nje ukasukumwa. Viatu vya vumbi, begi mgongoni. Mama Barafu akaling'ang'ania shuka. Akasema kimoyomoyo, Msusi huyu mchawi, kumbe kweli wanarudi.

"Hujambo mama," alisema mtu wa ofisi. "Leo sikuja kwako." Akakata kushoto, akasimama mlangoni kwa Shangazi. "Hodi."

"Karibu mwanangu. Nimekungoja wiki nzima."

Mama Barafu alibaki na shuka mikononi, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Shangazi naye aliomba kadi. Kumbe ndilo neno lililokwamia mdomoni siku ile. Shangazi wa gauni la pasi, aliyepita njia ya nyuma kwenda ofisini ili mtu asimwone akiwa kwenye foleni ya maskini.

Pazia lilikuwa jepesi na kila neno lilitoka.

"Kwenye fomu umesema unafuma masweta tu."

"Ndiyo mwanangu. Na siku hizi hata hayo hayaendi."

"Macho yameanza lini kukusumbua?"

Shangazi hakuwahi kujibu swali hilo, maana watoto wawili wa shule walipita katikati ya ua wakikimbia, na mmoja akainua pazia kama alivyozoea.

"Shangazi, barafu mbili."

Karatasi zikasikika zikiwekwa chini.

"Barafu?" alisema mtu wa ofisi. Sauti ya kiti kusogezwa. Sauti ya mpira kuvutwa na mlango wa friji kulia. "Friji limejaa. Hili ni la nani, mama?"

Maneno mawili tu yalitakiwa. Ni langu. Ulimi ulikuwepo, meno yalikuwepo, hatua za kuvuka ua zilikuwa chache. Mama Barafu akalikamua shuka ambalo lilikuwa limeshakamuliwa.

"Ni langu," alisema Shangazi.

"Hukulitaja."

"Nilisahau."

"Mtu anasahau friji?"

"Uzee, mwanangu."

"Mama, mimi sitaki kukuonea. Lakini umeficha biashara. Lazima niandike nilichokiona."

"Andika. Ndiyo kazi yako."

Watoto walipewa barafu zao, wakatoka wakizinyonya. Mtu wa ofisi alitoka nyuma yao, akampungia mkono Mama Barafu, na Mama Barafu naye, Mungu amsamehe, akampungia.

Jioni alivuka ua. Shangazi alikuwa anachambua nyuzi, akizisogeza karibu na pua moja baada ya nyingine.

"Kumbe na wewe uliomba," alisema Mama Barafu.

"Niliomba."

"Kwa ajili ya macho?"

"Daktari anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Naona kama mtu aliye jikoni kuni mbichi zinawaka. Wanapasua, anasema kazi ndogo. Ndogo kwao."

"Kwa nini hukuniambia siku ile nimekuja na friji?"

"Ulikuja na mtoto mdomoni. Ningekufukuza?"

"Basi leo. Ungesema tu ni la jirani."

"Wangeuliza jirani yupi." Shangazi aliweka uzi chini. "Sikia, mama. Mimi uzi naupapasa. Pumzi ya mtoto haipapaswi. Sasa nenda kapike, usinililie humu, nyuzi zitalowa."

Mama Barafu akaenda kupika. Na usimhukumu haraka, maana kwa siku kadhaa alikaa kimya kama mumewe. Alijiambia Shangazi amejitolea mwenyewe. Msusi alimwambia hivyohivyo, kwa maneno mengi zaidi. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu: ombi lako limepita hatua ya kwanza. Aliusoma akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena. Alikuwa karibu kufurahi. Lakini simu ya Shangazi nayo ililia asubuhi ileile, na Shangazi, kwa kuwa haoni maandishi, alimwita Kifaranga amsomee. Ombi limesimamishwa kwa kutotaja biashara.

"Kusimamishwa ni kukaa au kusimama?" Kifaranga alimuuliza mama yake aliporudi.

"Ni kungoja," alisema Mama Barafu.

"Shangazi amesema asante, halafu akafunga mlango."

Kilichomwondoa Mama Barafu pale alipokaa hakikuwa ujumbe ule. Ilikuwa sweta. Baridi ya asubuhi ilianza, na baridi ndiyo adui wa kifua cha Kifaranga. Shangazi alivuka ua na kifurushi, akamwita mtoto, akamvalisha mwenyewe, akavuta mabega, akapima mikono kwa viganja vyake.

"Zito hilo. Nimelifuma mara mbili kifuani. Bluu ya shule yenu, mwalimu asikusumbue."

Mkono mmoja ulikuwa wa bluu. Mkono wa pili ulikuwa mweusi ti.

Kifaranga akaitazama mikono yake, mmoja, halafu mwingine. Akamtazama mama yake. Kisha akasema, "Linapasha joto vizuri, Shangazi," na Shangazi akatabasamu kuelekea ukutani, kidogo kando ya pale mtoto alipokuwa.

Mtoto alikwenda shule amelivaa. Aliporudi hakusema kama alichekwa, na mama hakuuliza.

Asubuhi iliyofuata Mama Barafu alivaa viatu. Msusi alimwona akipita, akamuuliza aendako, akaambiwa.

"Unaenda kujichongea?" Msusi alisimamisha chanuo hewani. "Yako imepita, mwenzangu. Wataikata. Wataikata mbele yako, na mwanao ataendelea kupiga mluzi. Umemwambia baba yake?"

"Baba yake yuko kimya."

"Basi na wewe nyamaza."

"Nilishanyamaza, Msusi. Sikulala."

Ofisi ilikuwa chumba kirefu, mabenchi yameng'arishwa na makalio ya watu, feni moja inazunguka kwa kusitasita. Kila aliyeketi pale alikuwa ameshika bahasha kama ameshika yai. Mama Barafu alingoja huku moyo ukimpigia kelele mambo mawili. Moja, rudi nyumbani, nani atajua. La pili hakulielewa vizuri, lakini lilikuwa na mikono miwili ya rangi mbili.

Yule mwanamke kijana alimkumbuka. "Mama wa mwenye pumu. Yako inaendelea vizuri, huna haja ya kufuatilia."

"Sikuja kwa ajili ya yangu. Yule mama mfumaji, uani kwetu. Lile friji si lake."

"Amesema ni lake."

"Ni langu. Biashara ni yangu. Nililihamishia kwake mlipokuwa mnakuja kwangu, na sikujua naye ameomba. Alinificha."

Mtu wa ofisi aliweka kalamu mezani. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mama Barafu zaidi. "Unajua unachosema? Uliniambia huuzi chochote. Nilikaa kwenye mkeka wako."

"Ulikalia mahali pa friji."

Kijana yule akauma mdomo, ama kwa hasira ama kwa kujizuia kucheka, haikujulikana. "Mama, nani alikwambia friji linakunyima kadi?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Kuna mmoja alinyimwa kwa redio."

"Redio." Alifuta uso kwa kiganja. "Sisi tunaangalia mnaokula ni wangapi na kinachoingia ni kiasi gani. Friji linalouza barafu tungeliandika kwa mstari mmoja, tukaweka na watoto watatu na mgonjwa, na bado ungepita. Tunachokataa ni kufichwa. Maana nikikuta kimoja kimefichwa, siwezi kuamini vilivyobaki. Yule mama nilimwandika hivyo. Na nilipotoka pale sikujisikia vizuri, kama unataka kujua."

Mama Barafu alirudia maneno yale kimoyomoyo. Mstari mmoja. Alikuwa ameuza macho ya Shangazi kwa kukwepa mstari mmoja.

"Na sasa?" aliuliza.

"Ya mama mfumaji nitaifungua leo. Nitakuja tena kwake kuthibitisha. Yako..." Alivuta jalada, akalitazama, akalifunga. "Yako siwezi kuiacha ipite na maelezo ya uongo. Inaanza upya, nyuma ya waliopo. Na mkubwa wangu anaweza kuifuta kabisa. Sikuahidi kitu."

"Mtoto ni mtoto yuleyule," alisema Mama Barafu. "Hakudanganya yeye."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia anza leo, usingoje kesho. Ile pale meza ya fomu."

Akajaza fomu nyingine. Pale palipouliza biashara aliandika mengi hadi herufi zikapanda ukingoni mwa karatasi: nauza barafu, na maji baridi, na siku za joto juisi ya kugandisha.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hakuna aliyemwambia mapema, na ndiyo sababu unaambiwa wewe. Kusema kweli hakukumsafishia njia palepale. Majuma yalipita. Mafundi walewale walilirudisha friji, safari hii bila utani. Ya Shangazi ilifunguliwa, ikapita, akaitwa hospitalini. Ya Mama Barafu ilikuwa kimya. Na katikati ya kimya hicho, asubuhi moja watoto wakijiandaa kwa shule, kifua cha Kifaranga kilifunga.

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinuka. Mama alipomgeuza, midomo ilishaanza kupoteza rangi, na kichupa cha dawa ya kubanwa kilipiga pumzi mbili nyepesi kikaisha. Mama Barafu alimbeba mgongoni hadi barabarani bila viatu, akapata pikipiki, akashika mtoto katikati yake na dereva, na njia nzima akawa anahesabu mluzi wa pumzi, maana mluzi ukikatika ndipo mambo yanapokuwa mabaya. Kama kadi ingekuwepo, dawa ya kila siku ingekuwepo. Na kadi ingekuwepo siku hiyo kama mwanzoni angeandika mstari mmoja. Hilo alilijua akiwa juu ya pikipiki, na analijua mpaka leo.

Zahanati walimvalisha Kifaranga kinyago cha mvuke. Alikaa nacho asubuhi nzima, kifua kikilegea kidogo kidogo, hadi akaweza kusema neno.

"Mama, huna viatu."

"Najua," alisema Mama Barafu. "Viko nyumbani. Pumua."

Mtu wa ofisi alikuja kwa Mama Barafu mara ya pili mtoto akiwa amerudi nyumbani, bado kitandani. Pazia lilikuwa limefungwa juu, friji linanguruma mahali pake, na Mama Barafu alijibu maswali yote, hata lile la baba, ambalo mara ya kwanza alilipunguza.

"Anatuma?"

"Anatuma akikumbuka. Mwezi uliopita alikumbuka."

"Na kufua?"

"Nafua za kwetu tu. Za watu sijawahi."

Mtu wa ofisi aliandika. Alipoulizwa kama atapita, alisema hajui, na safari hii alimtazama usoni aliposema. Alipoondoka alinunua barafu moja, akakataa kuipokea bure.

Shangazi alirudi kutoka hospitalini na jicho moja limefunikwa kwa pamba nyeupe. Siku ya kuitoa, ua mzima ulitafuta sababu ya kuwepo. Alikaa kwenye kigoda, akapepesa macho, akamtazama Mama Barafu kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama anayekagua kitambaa.

"Kumbe ndiyo sura niliyodanganyia serikali," alisema. "Ningejua ningefikiria mara mbili."

Watu wakaangua kicheko. Mama Barafu naye alicheka, lakini machozi yalimtangulia, akainamia miguu ya yule mama na kumwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya bado kwa maneno. Shangazi akamvuta mkono ainuke.

"Inatosha. Mlete mtoto nimwone vizuri." Kifaranga akasogea. Shangazi alimtazama, kisha akatazama mikono ya sweta, wa bluu na mweusi, na uso ukamlegea. "Nani amemvalisha mtoto kitu hiki?"

"Silivui," alisema Kifaranga, akajikumbatia.

Kadi ilikuja baada ya kungoja kwingi kwa kuchosha, kadi ngumu ndogo yenye majina ya wanne. Haikulipa kila kitu. Kuna dawa nyingine mpaka leo anaambiwa hazipo. Lakini ile ya kila siku ipo. Siku ya kwanza kuichukua, Mama Barafu alikaa kwenye benchi la hospitali na Kifaranga ubavuni, na pembeni yake mama mwingine, kijana, na mtoto wa kikohozi mapajani.

"Dada, uliipataje hiyo?" aliuliza yule mama, macho kwenye kadi. "Mimi fomu ninayo nyumbani, naogopa. Nina cherehani. Wanasema ukiwa na cherehani hupati."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Watu hao, mtoto akibanwa, nani kati yao anakuja na pikipiki?"

Mama kijana akamvuta mwanawe karibu.

"Iandike cherehani," alisema Mama Barafu. "Andika na sindano ukitaka. Ukificha, usidhani unaificha serikali peke yake, utamkanyaga mtu usiyemwona. Mimi nilimkanyaga aliyekuwa ananisaidia. Tena—"

Dirisha la dawa likaita jina la mtoto. Mama Barafu akainuka haraka, akamshika Kifaranga mkono, halafu akageuka.

"Usiondoke," alimwambia yule mama. "Nikitoka hapo nakusaidia kuijaza."